Trei 340 Hazikai Kwenye Dabo Kebini

Mjomba,

Habari ya kazi. Mimi ni mama wa mayai hapa Utawala, na nyumbani kwangu siku hizi tunagombania gari ambalo hata hatujalinunua.

Nilianza 2016 na trei nane, nikizipeleka kwa mama wa chipsi kwa mkono. Leo nina wafugaji watano, watatu wa Githunguri na wawili wa Ruiru, ambao wananitegemea niwaondolee mayai. Siku nne kwa wiki nakodi pikapu ya Isuzu D-Max ya jirani yangu, ile ya zamani ya singo kebini, yenye viti vya mbele tu, kwa shilingi 5,000 kwa siku. Dizeli na dereva ni juu yake. Napakia trei 340, nazipanga kumi kumi maana zikizidi hapo za chini huanza kulia, kisha narudi kwa Eastern Bypass nikigawa Utawala, Embakasi, Donholm na Kayole: maduka, vibanda, vijana wa mayai pasua na shule mbili.

Shida ilianza jirani alipopata kazi ya mjengo. Ijumaa moja mwezi uliopita alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri kuniambia gari limeenda kubeba nondo. Nikatafuta dereva mwingine stejini, kijana anayeruka matuta kama amebeba mchanga. Nilipofungua turubai Donholm, trei 23 zilikuwa uji, na uji wenyewe umetiririkia za chini, ikabidi hata yaliyo mazima niyapanguse moja moja kwa kitambaa pale kando ya barabara, wateja wakinitazama. Siku hiyo ndiyo niliapa nitanunua langu.

Nina 900,000 benki. Sacco yangu inaweza kunipa 900,000 nyingine kwa asilimia moja kwa mwezi, riba ikipungua kadiri deni linavyopungua, nilipe kwa miaka mitatu.

Mume wangu anataka gari jipya. Tulienda kwa wauzaji Mombasa Road, tukapewa chai. Singo kebini tuliambiwa milioni 4.2, dabo kebini, yenye viti vya nyuma pia, milioni 6.6. Ile ya kwanza hata hakuitazama. Anasema dabo kebini itabeba mayai siku za kazi na Krismasi itatupeleka mashambani sote, watoto wakiwa ndani, si nyuma na magunia. Benki inataka asilimia 16 kwa mwaka, na kwa kuwa pesa zetu za kuanzia ni kidogo, inaomba dhamana ya ziada. Mume wangu ameshaongea na mama yake kuhusu hati ya ploti yake ya Kamulu. Mama mkwe hajakataa. Mimi ndiye sipati usingizi. Yule muuzaji pia alituambia tusitishwe na bei, kwa sababu VAT tutarudishiwa na KRA, watoza kodi.

Shemeji yangu naye anasema gari jipya ni la wajinga. Ana rafiki mwenye yadi ya magari Kiambu Road, kuna dabo kebini iliyotoka Uingereza, namba yake ni ya KD, inang'aa hadi unajiona, milioni 2.9. Pesa zikipungua, kuna watu wa mikopo ya logibuku, wanaoshika hati ya gari kama dhamana, watakaotupa kwa siku moja, asilimia 3.5 kwa mwezi.

Nami, bila kumwambia mtu, nimeona D-Max singo kebini ya 2016 kwa mfugaji mmoja wa Ruiru. Ni yake tangu ikiwa mpya, imetembea kilomita 187,000, anataka 1,750,000. Lakini naogopa. Nikinunua mtumba, si nitakuwa nimenunua ugonjwa wa mtu?

Leseni ninayo tangu 2019, ila Nairobi naogopa kuendesha. Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, maana mama mkwe anakuja.

Mama Mayai, Utawala

* * *

Mama Mayai,

Kabla ya benki, kabla ya mume na kabla ya shemeji, tafuta tepu ya fundi wa nguo.

Trei ya mayai 30 ina kama sentimita 30 kila upande. Bodi ya nyuma ya singo kebini ina urefu wa karibu mita 2.3, ya dabo kebini ni karibu mita moja na nusu. Upana haupishani sana, mita moja na nusu hivi. Kwenye singo unapanga safu saba kwenda nyuma na tano kwenda upande, yaani marundo 35, na kwa kumi kumi zako hapo ndipo 340 zinapokaa. Kwenye dabo kebini unapata tano kwa tano, marundo 25, kabla hujaondoa yale manundu ya magurudumu. Trei 250. Zile 90 zilizobaki utazirudia kwa safari ya pili, au utapandisha marundo hadi kumi na nne, na wewe mwenyewe umeniandikia za chini zinavyolia zikizidi kumi. Kwa hiyo dabo kebini, iwe mpya ya Mombasa Road au mtumba wa Kiambu Road, haifanyi kazi unayotaka kuinunulia. Ni gari zuri la mtu mwingine. Mwonyeshe mume wako hiyo tepu, usimwonyeshe barua hii.

Sasa pesa. Unakodi siku nne kwa wiki, tuseme siku 17 kwa mwezi, hiyo ni 85,000. Weka hiyo namba mbele yako kila mtu anapokuuzia gari.

Nimekupigia hesabu ya singo kebini mpya. Ukiweka zile 900,000 na kukopa milioni 3.3 kwa asilimia 16 kwa miaka minne, utalipa benki kama 93,500 kila mwezi. Safari yako ya Githunguri na kugawa mitaani ni kama kilomita 130 kwa siku. Pikapu ya dizeli ikikupa kilomita 11 kwa lita, na tukichukulia lita ni shilingi 170 (EPRA, wadhibiti wa mafuta, hubadilisha bei kila tarehe 14, kwa hiyo usiniletee ugomvi), ni kama 35,000 kwa mwezi. Dereva wa 1,000 kwa siku, 17,000. Bima kubwa, ile inayolifidia hata gari lako mwenyewe, na benki haitakubali ndogo, tukiikadiria asilimia nne ya bei kwa mwaka, ni 14,000 kwa mwezi. Sevisi, 8,000. Jumla 167,500. Karibu mara mbili ya unachomlipa jirani leo.

Dabo kebini mpya kwa miaka mitano, deni peke yake ni kama 139,000 kwa mwezi. Ongeza mengine, unapita 220,000. Mayai hayo yatakuwa yanakulisha wewe au yanalipa deni?

Singo kebini ya yule mfugaji, tuseme umemshusha hadi 1,600,000, na nitakuambia kwa nini lazima umshushe. Sacco, 900,000 kwa miezi 36, ni kama 30,000. Dizeli 35,000, dereva 17,000, bima kubwa 6,000, na kwa sababu ni gari lililotumika, tenga 15,000 kila mwezi za tairi, sevisi na maradhi. Jumla 103,000.

Umeona kitu? Hata mtumba wa bei nzuri ni ghali kuliko kukodi. Watu hawapendi kuambiwa hivyo. Ukilipa dereva, utakuwa unaongeza 18,000 kila mwezi kwa miaka mitatu, halafu deni liishe na gari libaki lako. Ukishika usukani mwenyewe unatoka sare. Leseni uliyoipata 2019 na kuiweka droo ina thamani ya 17,000 kwa mwezi, kwa hiyo lipa mwalimu wa udereva wiki mbili za asubuhi uende naye ile njia yako hasa, Githunguri hadi Kayole, si kuzungushwa uwanjani.

Na hapo ndipo nataka kukurudisha kwenye zile trei 23. Hazikuvunjwa na pikapu. Zilivunjwa na dereva. Pikapu nyingi za namna hii zina springi za pleti nyuma, vile vyuma virefu vilivyolaliana, vilivyotengenezwa kubeba tani moja. Trei zako 340 zenye mayai hazifiki kilo 700. Gari likiwa na mzigo mwepesi kuliko springi zake, nyuma inaruka, na aliyezoea mchanga hajui, maana mchanga hauna ganda. Gari jipya la milioni nne lingeruka vilevile kwenye lile tuta. Ukiendesha mwenyewe, au ukiwa na dereva wako anayejua kwamba trei zikivunjika hakuna chai, umeponya nusu ya tatizo bila kununua chochote.

Kuhusu VAT, yule muuzaji alisema kweli ya mtu mwingine. Mwenye kampuni iliyosajiliwa kwa VAT akinunua pikapu ya kazi anaweza kuidai ile asilimia 16, tofauti na gari dogo la saluni la kutembelea. Lakini mayai mabichi hayatozwi VAT. Wewe humtozi mteja, kwa hiyo huna mahali pa kukatia. Hutarudishiwa hata shilingi. Sidhani alikudanganya makusudi, wengi husema hivyo kwa kila anayeingia mlangoni, na chai ikiwa nzuri hakuna anayeuliza.

Ploti ya mama mkwe isiguswe. Sisemi haya kwa sababu ya ushirikina wa ardhi. Hati ikiwekwa dhamana, benki inapata haki ya kuiuza baada ya notisi endapo malipo yatakwama, hata kama aliyekopa ni mtoto na mwenye ploti ni mzee asiyejua gari lenyewe lina rangi gani. Na biashara ya mayai hukwama. Bei ya chakula cha kuku ikipanda wafugaji wanauza kuku, mayai yanapungua, wewe una gari jipya na huna cha kubeba. Kama mume wako anaona ni lazima mama aweke hati, basi yeye mwenyewe amketishe mamake amweleze neno "kuuzwa" kwa lugha ya nyumbani, polepole, mbele yako. Wengi wakifika hapo kwenye hilo neno hukumbuka wana shughuli kwingine.

Shemeji wako nampa nusu ya alama. Ni kweli kwamba gari jipya hupoteza thamani haraka miaka ya kwanza, ingawa pikapu Kenya hushika bei kuliko saluni. Kosa lake ni lile gari lenyewe. Ngoja nikupe kisa cha pikapu za nje, maana wengi hudhani zinatoka Japani kama Probox. Hilux iliondolewa kwenye soko la Japani 2004 na haikurudi hadi 2017, na D-Max haiuzwi huko kabisa. Wajapani hawana mazoea ya pikapu za namna yetu. Ndiyo maana nyingi unazoona kwenye yadi zimetoka Thailand, Uingereza, Australia au Afrika Kusini, nchi ambazo usukani uko upande wetu. Uingereza wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chuma kutoka chini, mahali ambapo king'ao cha juu hakifiki. Halafu dizeli za miaka ya karibuni za huko zina chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo linahitaji mwendo mrefu wa kasi ili lijisafishe. Foleni ya Donholm si mwendo mrefu wa kasi. Likiziba utasikia bei.

Na namba ya KD isikutie wazimu. Herufi za namba hukuambia gari lilisajiliwa lini Kenya, si lilizaliwa lini. Sheria inaruhusu gari lisilozidi miaka minane kuingia, kwa hiyo linaweza kuwa na namba mbichi na magoti ya kizee.

Ule mkopo wa logibuku sitaki hata kuubishia. Waulize kama hizo asilimia 3.5 zinahesabiwa kwa deni linalobaki au kwa deni lote la mwanzo, kila mwezi, hata ukiwa umeshalipa nusu. Kama ni kwa deni lote, 900,000 kwa miaka miwili inazaa riba ya 756,000. Sacco yako kwa pesa hizohizo, kwa miaka mitatu mizima, inachukua kama 176,000.

Tunabaki na mfugaji wa Ruiru. Kununua ugonjwa wa mtu, ulivyosema, ni hofu ya kweli, mimi mwenyewe niliununua. 2009 nilichukua dabo kebini kwenye yadi moja hapa jijini. Nilifika saa sita mchana, injini ikiwa moto tayari, jamaa akaniambia ametoka kuiosha. Ilinguruma vizuri. Rangi nyeusi ilikuwa imepakwa chini yote, nikaona ni usafi. Asubuhi ya tatu nyumbani ilitoa moshi mweupe uliojaza uwanja, jirani akafunga madirisha. Mekanika alipolala chini na kukwaruza ile rangi nyeusi kwa bisibisi, akakuta chasi imeunganishwa kwa kulehemu, nyuma kidogo ya kebini. Lile gari lilikuwa limewahi kukatika. Niliuza kwa hasara ambayo hadi leo mke wangu huitumia kama mfano.

Kwa hiyo fika Ruiru saa kumi na mbili asubuhi, bila kupiga simu usiku uliotangulia. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa baridi, mwambie awashe wewe ukiwa umesimama nyuma. Moshi kidogo kisha ukakatika si neno. Mweupe usiokwisha, au wa samawati unaonuka oili, rudi nyumbani ukanywe chai. Mweusi wakati wa kukanyaga mafuta, nozo za kurushia dizeli zinaweza kuwa zimechoka, na nozo za dizeli za sasa si za kununua kwa sarafu. Injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha oili. Ikitoa mvuke kwa mapigo, puh, puh, puh, mafundi wa magari wa Grogan husema injini inapumua, maana yake imechoka ndani. Halafu tandika gunia, mekanika alale chini na bisibisi yake. Chasi ya kweli ina kutu kidogo na matope ya zamani. Chasi iliyopakwa juzi ina maswali.

Kilomita 187,000 kwa gari la 2016 si za kutisha, ni kama elfu ishirini kwa mwaka. Lakini usisome dashibodi peke yake. Tazama mpira wa pedali ya klachi, ngozi ya usukani, kiti cha dereva upande wa mlango. Vikiwa vimekwisha kabisa na mita inasema kidogo, mita imerudishwa. Mwombe vitabu vya sevisi, au hata risiti za oili. Mfugaji anayeandika idadi ya mayai kila siku huwa anaandika na mambo ya gari.

Sasa kitu kimoja ambacho muuzaji wa mchanga asingejali, wewe ujali. Mfugaji hubeba magunia ya chakula cha kuku ya kilo 70. Wengi wao huenda kwa fundi kuongezewa pleti kwenye springi za nyuma ili gari lisikae chini. Hesabu pleti za kila upande, na utazame kama kuna zenye rangi au unene tofauti na nyingine. Zikiwa zimeongezwa, nyuma ya gari imekuwa ngumu kama benchi ya kanisa, na mayai yako yatalipia kila tuta. Ziondolewe kabla ya safari ya kwanza, ni kazi ya nusu siku. Pia upepo wa tairi ujazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango, si kwa ngumi ya kijana wa pancha.

Siku ileile pita Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea, uulize bei ya vitu vinne vya modeli hiyo: nozo, klachi, shokapu za nyuma na taa ya mbele. Uliza mpya na uliza eks-Japani, yaani zilizotumika. Hizo bei ndizo utakazomwekea mfugaji mezani, na ndiyo sababu nikasema umshushe. Ukimpa 1,750,000 unabaki na 50,000, na gari lililotumika halijawahi kuingia kwa mwenyewe mpya bila kudai kitu mwezi wa kwanza. Unahitaji laki mbili zimelala. Akikataa kushuka chini ya 1,650,000, ondoka ukisalimia, atakupigia simu au hatakupigia.

Karatasi zisikuchoshe. Kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, utalipa shilingi mia kadhaa kupata rekodi ya gari kwa NTSA, wanaosajili magari, ujue jina la mwenyewe na kama benki imo. Kuna pia sajili ya dhamana za mali inayohamishika, iliyoanzishwa na sheria ya 2017, humo mtu aliyekopesha kwa gari huweza kuandikisha haki yake hata kama logibuku inaonekana safi. Itafute kwa namba ya chasi. Pesa zipite benki, na uhamisho uanzishwe na yeye kwenye akaunti yake, ukubali kwenye yako, mkiwa mmeketi pamoja. Gari la kazi hupelekwa kukaguliwa kila mwaka, kwetu hapa ni Likoni Road, Industrial Area, kwa hiyo mwombe cheti cha mwisho. Na bima uandikishe kwa mzigo wako mwenyewe. Siku ambazo gari halina mayai utashawishika kubeba sofa za watu kwa malipo. Usibebe kwa bima hiyo. Ajali ikitokea kampuni itauliza sofa ni za nani.

Ningekuwa na sababu ya kukushauri ununue jipya? Ndiyo, kama ungekuwa unatoka siku sita kwa wiki, safari mbili kwa siku, na mkataba wa shule unaokutoza faini ukichelewa asubuhi. Hapo siku moja ya gari kulala gereji ni ghali kuliko riba, na udhamini wa kiwandani una maana. Isuzu hizo huundwa hapahapa Industrial Area, spea hazikosekani. Hujafika huko. Ukifika, uuze hii ya Ruiru.

Mume wako simlaumu. Anataka watoto wakae ndani, na hilo ni jambo la heshima. Mwonyeshe kwamba tofauti ya dabo kebini mpya na ile ya Ruiru ni kama 118,000 kila mwezi, na kukodi gari la familia wiki nzima ya Krismasi hakufiki nusu ya mwezi mmoja wa hiyo tofauti. Hilo la kukodi mwambie alichague mwenyewe, rangi na yote. Na usimfiche habari ya Ruiru. Aende nawe ile asubuhi, ashike bisibisi. Mekanika awe wako, asiwe rafiki ya shemeji.

Kama chasi ina maswali au injini inapumua, hujapoteza kitu isipokuwa usingizi wa asubuhi. Endelea kutafuta singo kebini nyingine ya mwenyewe mmoja. Wakati huo mwandikie jirani yako karatasi: siku nne, 5,300 badala ya 5,000, dereva wa kila siku, na akitaka kupeleka gari mjengo akwambie siku tatu kabla. Hiyo ni 5,100 zaidi kwa mwezi. Trei zako 23 zilikugharimu zaidi ya hapo kwa asubuhi moja.

Mjomba